Niliingia Dukani na Sufuria Yangu ya Ugali

Jiko letu la kwanza lenye oveni tulilinunua kwa macho. Lilikuwa na mfuniko wa kioo cheusi, vishikizo vya kung'aa na taa ndogo ndani ya oveni, na mimi na mume wangu tulilichagua kama watu wanavyochagua kabati la sebuleni, kwa kusimama mbali kidogo na kuwaza litakavyopendeza likishakaa ukutani. Lilidumu miaka minne. Katika miaka hiyo lilitufundisha kwa hasara karibu kila jambo ambalo tungeweza kuuliza dukani kabla ya kutoa fedha, na siku tulipokwenda kununua la pili nilitia sufuria yangu ya ugali na mwiko wake ndani ya kikapu, nikapanda navyo mwendokasi kutoka Kimara hadi Kariakoo.

Nyumbani kwetu tunakula watu saba, na mmoja wao ni mama yangu mzazi, mwenyeji wa Pangani, ambaye alipika kwa mkaa maisha yake yote kabla ya kuhamia kwetu. Ugali husongwa karibu kila siku, maharage huchemshwa mara mbili kwa wiki, wali wa nazi ni wa Ijumaa, chapati ni za Jumapili, na Ramadhani inapoingia jikoni hakulali. Nayataja haya kwa sababu ndiyo yanayoamua jiko, hata kabla ya bei. Mtu anayeishi peke yake na kula nyumbani mlo mmoja kwa siku hana haja ya jiko la kusimama. Jiko la mezani la vichomeo viwili na mtungi wa kilo 6 vitamtosha, na fedha itakayobaki anunue sufuria nzito.

Kasoro ya jiko letu la kwanza ilijitokeza siku ile ile lilipofungwa. Kusonga ugali wa watu saba ni kazi ya mabega. Zamani mama aliishusha sufuria chini, akaibana kwa miguu, akausonga akiwa amekaa juu ya kigoda; kwenye jiko linalofika kiunoni hakuna miguu ya kubana, kuna mkono mmoja wenye kitambaa na mwingine wenye mwiko, na kilichobaki lazima kifanywe na jiko lenyewe. Letu halikukifanya. Nondo za kukalishia sufuria, ambazo mama huziita mafiga mpaka leo, zilikuwa za waya mwembamba uliopakwa enameli, na sufuria ya alumini iliteleza juu yake kama mtoto anayecheza kwenye tope. Bati la jiko lilikuwa jepesi kiasi kwamba kila nilipougeuza ugali, jiko zima liliniinamia kisha likarudi ukutani kwa kishindo. Tukazoea kuupika watu wawili, mmoja anasonga na mwingine ameshika.

Ule mfuniko wa kioo nao ulikwisha jioni moja ya Ramadhani. Mpwa wangu, kwa nia njema ya kupanga vyombo kabla ya adhana, aliufunika juu ya kichomeo kilichokuwa kimezimwa dakika moja tu iliyopita. Kioo cha aina hiyo hakivunjiki kwa vipande virefu. Hulipuka na kuwa punje nyingi ndogo kama chumvi ya mawe, na punje hizo zilienea sakafuni, kwenye sinia la tambi na ndani ya sufuria ya muhogo wa nazi iliyokuwa imeepuliwa pembeni. Tulifuturu kwa tende na chai. Kijitabu cha jiko kilieleza waziwazi kwamba mfuniko usifungwe mpaka vichomeo vipoe, lakini kijitabu hicho kilikuwa bado kimo ndani ya mfuko wake wa nailoni, droo ya chini, kama tulivyokikuta.

Basi nilipoingia dukani mara ya pili sikutazama rangi. Kijana muuzaji alinipokea kwa adabu, akaniambia, "Karibu mama, hili hapa ni toleo jipya, wateja wanalipenda sana." Nikamwomba, "Mdogo wangu, lisogeze huku kwenye nafasi, nataka kusonga ugali." Alicheka, akamwita mwenzake aje kuona. Nikaweka sufuria juu ya kichomeo kikubwa, nikatia mwiko, nikasonga hewa kwa nguvu zile zile ninazotumia nyumbani. Jiko la kwanza lilitembea sentimita kadhaa juu ya vigae. La pili lilitulia, lakini sufuria ikazunguka pamoja na mwiko. La tatu lilikuwa na mafiga ya chuma kizito cha kusubu, meusi, yenye uso mkavu usioteleza, na niliposonga halikutikisika wala sufuria haikuhama. Yule kijana hakucheka tena. Aliuliza kama anaweza kuazima mwiko awaonyeshe wateja wengine.

Sufuria ile ile ilinionyesha jambo lingine ambalo sikulijua. Kipenyo chake ni sentimita 34. Kwenye jiko la upana wa sentimita 50 kwa 50, ambalo ndilo wengi wetu hulinunua kwa kuwa linaingia kila mahali na bei yake inavumilika, sufuria ya namna hiyo ikikaa kwenye kichomeo kimoja inafunika nusu ya jirani zake. Unakuwa umelipia vichomeo vinne na unapikia viwili, tena kwa mshazari. Jiko la 60 kwa 60 linaongeza sentimita kumi tu kwa upana na kumi kwa kina, lakini ndizo zinazoruhusu ugali, mboga na chai kuwa motoni kwa wakati mmoja. Majiko ya sentimita 90 yana raha zaidi, hasa yale yenye kichomeo cha pete tatu katikati, ila jikoni kwetu mlango wa uani usingefunguka.

Nguvu ya vichomeo huandikwa kwenye kibandiko kilicho nyuma ya jiko au ndani ya droo, na wauzaji wengi hawajawahi kukisoma. Kwa kawaida kichomeo kidogo kina kama kilowati 1, vile viwili vya kati vina takribani kilowati 1.75 kila kimoja, na kikubwa kina karibu kilowati 3. Kilowati 3 zinatosha ugali wa watu saba. Hata hivyo usiulize nguvu peke yake, uliza kichomeo hicho kiko wapi, kwa maana majiko mengine hukiweka nyuma, na anayesonga ugali nyuma analazimika kupitisha mkono na mtandio wake juu ya moto wa mbele. Mimi nilikataa jiko zuri kabisa kwa sababu hiyo moja.

Kuhusu usalama niliuliza swali moja tu, nalo ni kama gesi hujikata yenyewe moto unapozimika. Maharage yakifurika au upepo wa dirishani ukipuliza, moto huzimika lakini gesi huendelea kutoka. Jiko lenye kinga hii huwa na vijiti viwili kando ya kichomeo: kimoja cheupe cha kutoa cheche, kingine cha chuma kinachokaa ndani ya ulimi wa moto. Kile cha chuma kikiwa cha moto huifanya vali ibaki wazi, na kikipoa vali hujifunga. Ndiyo maana jiko la namna hiyo hudai ukibonyeze kishikizo kwa sekunde chache baada ya kuliwasha. Muuzaji akikuambia kinga ipo, inama ukahesabu vijiti, kwa sababu majiko mengine huiweka kwenye oveni peke yake na kuviacha vichomeo vya juu bila kitu.

Hapa nimtaje dada yangu wa Unguja, ambaye aliletewa jiko lililotumika kutoka Uingereza, zito, imara, la thamani ambayo dukani asingeimudu. Aliliunganisha na mtungi, na tangu siku ya kwanza moto ulipanda wa njano, mrefu, na kila sufuria ikatoka na masizi meusi. Alidhani jiko ni bovu. Kumbe majumbani kwa Waingereza wengi gesi ni ile asilia inayokuja kwa bomba, yenye msukumo mdogo, kwa hiyo vijitundu vinavyopitisha gesi kwenye jiko la huko ni vipana kuliko vinavyohitajika kwa gesi ya mtungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani wenye nishati nyingi zaidi. Fundi alivifungua vijipua, yaani vile vipande vya shaba vyenye vijitundu hivyo chini ya vichomeo, akaweka vingine vyenye tundu dogo, na moto ukawa wa buluu. Vijipua hivyo hugongwa namba ndogo ubavuni. Vya gesi ya mtungi, kwa kichomeo kidogo, cha kati na kikubwa, mara nyingi husomeka 50, 65 na 85, yaani sehemu za mia za milimita. Jambo hili linawahusu pia, kwa njia ya kinyume, wakazi wa Dar es Salaam ambao nyumba zao zimeunganishwa na bomba la gesi asilia la TPDC, shirika la petroli la Taifa: jiko la mtungi likiunganishwa na bomba bila kubadilishwa vijipua, moto utakuwa mdogo na wa kusinzia.

Tukaja kwenye mjadala uliotuchukua wiki mbili nyumbani, gesi au umeme. Mume wangu alishikilia kwamba umeme ni wa matajiri. Nikachukua kalamu. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu uniti 13, zile zile tunazohesabia umeme, hivyo mtungi wa kilo 15 una kama 190. Karibu nusu ya joto hilo hupotea pembeni mwa sufuria, ikabaki kama mia moja inayofika kwenye chakula. Mtaani kwetu wakati ule mtungi huo ulikuwa shilingi 57,000, kwa hiyo kila uniti iliyofika sufuriani ilitugharimu karibu shilingi 600. Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, kwa kundi la kawaida la majumbani ulikuwa takribani shilingi 356 kwa uniti, na pleti ya umeme hata ikipoteza theluthi nzima ya joto lake, hesabu inaishia shilingi 530 na kitu. Mume wangu aliirudia hesabu mara mbili akitafuta kosa. Wenye kundi la bei nafuu, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, wao wana jambo la kuchunga: kupika kwa umeme kunaweza kuwavusha mpaka huo, na wakihamishiwa kundi la kawaida watalipia kila uniti kwa bei ya juu, pamoja na ya taa na friji.

Bei si jambo pekee, kwani umeme hukatika. Ingawa mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, imetupunguzia mgao tulioteseka nao mwishoni mwa 2023, bado nguzo huanguka na transfoma huungua, na mtoto hawezi kuambiwa asubiri uji mpaka mafundi wafike. Kwa hiyo tulichukua jiko la vichomeo vitatu vya gesi na pleti moja ya umeme. Ile pleti huwashwa kwa chai ya asubuhi na kwa kupasha viporo, na hutuokoa gesi inapokwisha usiku. Maharage tumeyahamishia kwenye presha kuka ya umeme ya wati 1,000, ambayo hata ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika haiwezi kula zaidi ya uniti moja. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, unahesabu umeme pamoja na gesi, lakini mtaani kwetu ukisema nishati safi watu huona mtungi tu.

Majiko bapa ya kioo yanayopasha kwa nguvu ya sumaku niliyapita haraka. Ni mazuri na hayapotezi joto, lakini hayaitambui sufuria ya alumini, na kabati langu zima ni alumini.

Oveni ndiyo iliyonifanya nimchukue mama katika safari ya mwisho ya dukani. Oveni ya jiko letu la zamani ilikuwa ya gesi, na kwa miaka minne nilijilaumu kwamba sijui kuoka. Keki iliungua chini ikabaki nyeupe juu. Mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui, ndio uliotia aibu zaidi: ulichachuka vizuri, ukafura, halafu uso wake ukabaki umepauka na wenye unyevu kama uso wa mtu aliyeamka na homa. Mama alisimama mbele ya oveni ya maonyesho, akafungua mlango, akainama, akamwuliza yule kijana, "Mwanangu, hili lina moto wa juu?" Kijana akajibu kwamba lina moto wa kutosha. Mama akarudia, "Nauliza wa juu."

Swali hilo lina historia ndefu kuliko oveni. Mpishi wa Pwani aliyepika kwa mkaa alikuwa na oveni muda wote bila kuiita hivyo. Wali ukikauka maji hupaliwa: makaa huondolewa chini, yakabaki machache, na mengine yakapangwa juu ya mfuniko. Mkate wa kumimina hupikwa vivyo hivyo, moto wa chini ukiupandisha na moto wa juu ukiupaka rangi, na mpishi anapima kwa kusogeza makaa, punje mbili huku, tatu kule. Sasa oveni nyingi za gesi zina kichomeo kimoja chini na kingine cha kuchomea nyama juu, lakini kishikizo ni kimoja, nacho kikigeuzwa upande mmoja, mwingine huzimika. Huwezi kuviwasha vyote pamoja. Tena gesi inapoungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke huo hubaki ndani ya oveni, jambo ambalo kuku hufurahia na uso wa mkate haupendi. Oveni ya umeme yenye nyaya za joto juu na chini huviwasha vyote kwa wakati mmoja. Huko ndiko kupalia, bila majivu. Niligundua pale dukani, nimesimama nyuma ya mama yangu aliyeinama, kwamba kosa la mikate yangu halikuwa la mikono yangu.

Tukachagua lile lenye oveni ya umeme. Nilihakikisha pia kwamba kishikizo chake kina namba za nyuzi joto na si picha ya moto mdogo na moto mkubwa peke yake, kwamba mlango una vioo viwili, na kwamba ukiuachia katikati haudondoki. Bei ilizidi tuliyokuwa tumeipanga, na tukalipa kwa awamu mbili.

Kulifunga kulihitaji uangalifu kuliko kulinunua. Soketi ya kawaida ya ukutani ni ya ampea 13, yaani kwa umeme wetu wa volti 230 inabeba takribani wati 3,000. Oveni yetu ni wati 2,000 na pleti ni 1,500. Zikiwashwa pamoja zimeshavuka. Fundi umeme alitaka kutuwekea plagi ya kawaida kwa kuwa, kwa maneno yake, wote wanafanya hivyo. Tukatafuta mwingine, akavuta waya wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi mpaka kwenye swichi ya jiko yenye laini yake peke yake. Mtungi tumeutoa nje, kwenye kivuli cha ukuta wa uani, umesimama wima. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi kutokea dirishani bali hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini, ndiyo maana kabati lililofungwa chini ya sinki ni mahali pabaya pa kuuweka, hata kama linaficha mtungi vizuri. Mpira wa gesi hauruhusiwi kupita nyuma ya oveni. Fundi wa jiko letu la kwanza aliupitisha huko, na tulipolisogeza baada ya miaka minne tuliukuta umelainika na kung'aa kama ngozi ya tunda lililoiva kupita kiasi. Kila ninapobadilisha mtungi hupaka povu la sabuni kwenye maungio na kutazama kama litatoa malengelenge.

Jiko la mkaa la mama halikutupwa. Liko uani, na siku za Idi pilau la watu wengi hupikwa hapo, kwa sababu hakuna kichomeo cha nyumbani kinachoweza kubeba lile sufuria.

Ijumaa ya kwanza baada ya kulifunga, mama aliloweka mchele tangu usiku, akausaga kwa tui zito, akatia hamira, sukari na iliki, akauacha unga uumuke mpaka ukakaribia ukingo wa sinia. Niliwasha oveni, juu na chini, nyuzi 180. Mama aliketi kwenye kigoda chake mbele ya kile kioo, taa ikiwaka ndani, akautazama mkate kama watu wanavyotazama taarifa ya habari. Baada ya dakika arobaini hivi niliutoa. Uso wake ulikuwa na rangi ya kahawia, mkavu, wenye vijitundu vidogo pembeni. Mama aliugonga kwa ukucha, akausikiliza, akaugeuza geuza sinia kwenye mwanga wa dirisha.

"Huku nyuma kumewaka zaidi," akasema.

Tangu siku hiyo, dakika ishirini zikifika, nafungua mlango na kuligeuza sinia.